Wasomaji Wanauliza: Korongo, dimbwi na michoro ya miambani katikati ya Australia

Toleo lililopita tulichapisha picha ya Emily Gap, korongo lililo nje kidogo ya mji wa Alice Springs katikati ya Australia. Chini yake tuliandika kwamba pana dimbwi la maji na michoro ya kale ya watu wa Arrernte, wenyeji asilia wa eneo hilo. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua saba.

Kijana wetu anasoma Melbourne, na mwakani mimi na mume wangu tunataka kwenda kumwona. Tukiwa huko tungependa kuona korongo lenye maji na michoro ya wenyeji. Tuanzie wapi, na twende mwezi gani? Mume wangu magoti yanamsumbua. (Mama, Tabata)

Mama, kwa magoti hayo nendeni Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu. Kutoka Melbourne kuna ndege za moja kwa moja hadi uwanja wa Ayers Rock, na kutoka Yulara, mahali penye hoteli zote, hadi mwambani ni kama kilomita 20. Hapo chini ya mwamba pana njia mbili fupi na tambarare. Ya kwanza ni Kuniya: kilomita 1 kwenda na kurudi, inaishia kwenye dimbwi la Mutitjulu, na njiani unapita pango lenye michoro. Ya pili ni Mala: kilomita 2 kwenda na kurudi, inapita mapango kadhaa, lingine lilikuwa jiko, lingine la kufundishia wavulana, hadi korongo la Kantju ambako maji ya mvua huporomoka kutoka juu na kutuama chini ya ukuta. Mzee akichoka kuna mabenchi. Tungeweka njia moja kwa asubuhi moja, wala si zote mbili kwa pamoja, ili mpate muda wa kukaa na kutazama.

Kuupanda mwamba wenyewe hakuruhusiwi tangu Oktoba 26, 2019. Hayo yalikuwa maombi ya watu wa Anangu, ambao ndio wenye ardhi na waliorudishiwa hati yake mwaka 1985. Kiingilio cha hifadhi ni dola 38 za Australia kwa mtu mzima kwa siku 3. Wenye miaka 17 na chini hawalipi. Nunueni kwenye mtandao kabla ya kufika.

Msimu ni Mei hadi Septemba. Mchana wa Julai joto ni kama nyuzi 20, jua kali na anga safi, ila usiku hushuka karibu na sifuri na alfajiri nyingine chini ya hapo. Kwa aliyezoea usiku wa Tabata hiyo ni baridi ya kuuma mifupa: koti zito, kofia ya sufu, soksi nene. Desemba hadi Februari msiende. Nyuzi 40 huko ni jambo la kawaida, na njia nyingine hufungwa joto likifika 36.

Viza ndiyo itakayowachukulia muda. Pasipoti ya Tanzania haimo kwenye zile zinazopata kibali cha papo kwa papo. Mnaomba viza ya wageni, kundi la 600, kwa njia ya mtandao. Anzeni miezi 3 kabla. Ambatisheni barua ya mwaliko ya kijana, uthibitisho wa chuo chake, barua ya kazi au leseni ya biashara, hati zinazoonyesha mnacho cha kuwarudisha nyumbani, na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Hapo kwenye benki ndipo wengi wanapokwama: akaunti imekaa kimya muda mrefu, halafu wiki moja kabla ya maombi zinaingia milioni kadhaa bila maelezo. Kama ni fedha za kuuza kiwanja au za mchezo wa upatu, wekeni karatasi inayosema hivyo.

Mkipata siku 2 za ziada, Alice Springs iko mwendo wa saa 5 kwa gari kutoka Uluru. Emily Gap ni kilomita 10 tu mashariki ya mji.

Mmetutajia michoro, halafu picha yenu haionyeshi hata mstari mmoja. Kwa nini? Na michoro yenyewe ina maana gani? (Msomaji, Upanga)

Tuliiacha makusudi. Michoro ya Emily Gap inahusu viwavi wa Yeperenye. Katika Altyerre, yaani simulizi za mwanzo na sheria za watu wa Arrernte, hao ndio walioumba vilima na mianya inayouzunguka mji wa Alice Springs. Mahali hapo pana wenyewe, na wenyewe wangali hai. Kuitazama michoro ukiwa umesimama pale, mgeni aliyekaribishwa, ni jambo moja. Kuichapa na kuisambaza kuanzia Posta hadi Mbagala bila idhini yao ni jambo jingine.

Kila eneo lina mabango yake. Penye bango la kukataza kupiga picha usipige, hata kama hakuna askari wa hifadhi, hata kama watalii watano mbele yako wanapiga. Kuna sehemu ambazo kwa desturi ni za wanaume peke yao au wanawake peke yao, na mtu wa jinsia nyingine hapaswi kuziona hata kwenye simu.

Kuhusu maana: kuna alama zinazoelezwa wazi kwa wageni. Duara ndani ya duara mara nyingi ni dimbwi la maji au kambi. Nyayo za vidole vitatu ni za emu, ndege mkubwa asiyeruka anayefanana na mbuni. Umbo la herufi U ni mtu aliyeketi chini, kwa kuwa hiyo ndiyo alama anayoacha mchangani. Lakini alama ileile hubeba maana moja kwa mtoto, nyingine kwa kijana aliyepitia jando, na nyingine kwa mzee. Wewe na sisi tunapewa ile ya mtoto, na inatosha. Kiongozi wa Kianangu akinyamaza baada ya swali lako, usilirudie kwa maneno mengine. Amekwisha jibu.

Kwa nini michoro mingi iko karibu na maji? Jangwani watu walihama kufuata maji, na mahali ambapo maji hayakauki ndipo walipokaa wengi kwa pamoja, muda mrefu zaidi, na watoto wakiwepo. Hapo ndipo pa kufundishia. Rangi ni ya kawaida kabisa: udongo mwekundu na wa njano wenye madini ya chuma, mkaa kwa rangi nyeusi, na udongo mweupe wa kaolini, wa jamii ileile iliyopo kwetu milima ya Pugu. Ulisagwa, ukachanganywa na maji, mara nyingine na mafuta ya mnyama.

Ndiyo maana maji ni adui wa michoro. Rangi hiyo haikuunganishwa na gundi yoyote ya kudumu. Katikati ya karne iliyopita waongozaji watalii huko Uluru walikuwa wakiimwagia maji ili rangi ziwake kwenye picha, na sehemu iliyofifia kwa ajili ya hayo haiwezi kurudishwa. Ukimwona mtu anafungua chupa karibu na mchoro, mzuie.

Usibandue pia vijumba vya udongo vya nyigu vilivyoshikamana na mwamba. Vinaonekana kama uchafu, kumbe ni saa. Huko Kimberley, kaskazini-magharibi mwa nchi, wanasayansi walipima umri wa vijumba vilivyo chini na juu ya mchoro wa kangaruu, wakaonyesha mwaka 2021 kwamba mchoro huo una takriban miaka 17,300.

Shikamooni wahariri. Ninajifunza upigaji picha, na ndugu yangu ameniahidi safari ya Alice Springs. Nimesoma kwamba korongo la N'Dhala lina maelfu ya michongo, lakini picha nyingi nilizoziona zinaonyesha jiwe tupu. Tatizo ni kamera au macho? (Kijana, Kinondoni)

Marahaba. Tatizo ni saa ya kwenda. N'Dhala iko kama kilomita 90 mashariki ya Alice Springs, na ina michongo zaidi ya 6,000. Huko hakukutumika rangi. Mtu alishika jiwe gumu akagonga ukuta wa mwamba. Kuna michongo iliyodonolewa nukta kwa nukta kwa ncha nyembamba, na mingine iliyopondwa kwa jiwe butu. Baadhi iko ndani ya miaka 2,000 iliyopita, na ya zamani zaidi inakadiriwa kufikia miaka 10,000.

Mwamba wa jangwani hujivika ngozi nyembamba ya rangi ya kahawia iliyokolea, iliyojaa chuma na manganizi. Ukiigonga, unaitoboa na jiwe la ndani lenye rangi nyepesi linajitokeza. Mchongo mchanga kwa hiyo unaonekana kama doa jeupe-jeupe juu ya ukuta mweusi. Kadiri karne zinavyopita, ngozi ile inaota tena ndani ya mchongo mpaka rangi zinalingana. Kilichobaki ni kishimo kidogo tu, na kishimo hakionekani bila kivuli.

Saa 6 mchana jua liko utosini, mwanga unaujaza ukuta wote na vivuli vinakufa. Hizo picha ulizoziona huenda zilipigwa wakati huo. Nenda asubuhi mapema au alasiri ya mwisho, jua linapoupaka ukuta kwa ubavu. Usisimame ukiutazama mwamba uso kwa uso. Simama pembeni, macho yako yateleze juu ya ukuta, kisha sogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Mchongo utakaoukosa kwa dakika tatu utatokea wote kwa mara moja. Ukishauona mmoja, baki hapohapo kwanza; kwa kawaida jirani zake wako karibu, na jicho lako sasa limeshajua linatafuta nini.

Ukuta ukiwa kivulini, tumia tochi. Mwenzako aishike karibu usawa na mwamba, mita 1 hivi kutoka pembeni, bila kuugusa, na wewe upige kutoka mbele. Flashi ya kamera izime, kwa kuwa inapiga kutoka mbele na kuua kivuli kilekile unachokihitaji. Tumia stendi ya miguu mitatu, ISO ya chini, na faili ghafi badala ya JPEG. Chaki, poda, karatasi ya kunakilia, kusugua kwa kidole: hapana kwa vyote. Jasho na mafuta ya mkono hubadilisha ngozi ya mwamba, na chaki huingia vishimoni isitoke, hata mtu akija na vipimo vya kisayansi baadaye atapima chaki yako.

Ukienda kwenye michoro ya rangi iliyofifia, iwe huko au Kondoa, kuna programu ya DStretch. Inanyoosha tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizioni, na mara nyingi inafufua mnyama mzima kutoka kwenye doa la wekundu. Kwa rangi nyekundu jaribu kwanza mipangilio yake ya YRE na LRE. Kwa michongo haisaidii, maana hapo hakuna rangi ya kunyoosha. Na usiipe picha iliyopitia WhatsApp: utafufua vijisanduku vya mbano wa faili badala ya mchoro.

Droni iache Kinondoni. Kwenye hifadhi hizo hairuhusiwi bila kibali, na kama unakusudia kuuza picha, omba kibali cha biashara kabla hujasafiri.

Nimeendesha Land Cruiser za watalii Mikumi na Nyerere kwa muda mrefu. Je, naweza kukodi gari nikajiendesha mwenyewe hadi kwenye makorongo hayo? (Dereva, Mbagala)

Unaweza, kaka, na utakuwa na nafuu kuliko wageni wengi: Waaustralia nao wanaendesha kushoto kama sisi, na mchanga unaujua. Magharibi ya Alice Springs barabara ya kwenda Simpsons Gap, Ellery Creek na Ormiston ni lami, gari dogo linatosha. Pa kutaka gari la kuvuta magurudumu manne ni N'Dhala, ambako kipande cha mwisho ni mchanga na kinauvuka mto Ross mara kadhaa, pamoja na korongo la Redbank.

Soma mkataba wa kukodi kabla ya kusaini. Mingi inakataza gari la kawaida kutoka nje ya lami, na mingi haikulindi ukipata ajali usiku nje ya mji. Sababu ni kangaruu, ng'ombe na ngamia wanaosimama barabarani kuanzia magharibi hadi alfajiri. Panga uwe umeegesha kabla jua halijazama. Barabara kuu ya Stuart ina vipande vya kilomita 130 kwa saa, na humo utakutana na malori yanayovuta matela matatu, urefu hadi mita 53.5. Kulipita moja unahitaji zaidi ya kilomita 1 ya barabara nyeupe mbele yako. Kama huioni, subiri nyuma.

Kwenye mchanga punguza upepo hadi kama psi 20, weka gia ya chini, nenda mwendo mmoja bila kukata kona kali, na usisimame katikati. Beba pampu ya kujazia, maana ukirudi lamini na matairi laini kwa mwendo kasi utayachoma. Mto wenye maji uvuke kwa miguu kwanza. Ukikufika juu ya magoti, geuza. Na usipige hema kwenye kitanda cha mto hata kama mchanga wake ni mkavu na mwororo. Mvua ikinyesha milimani usikoiona, maji yanakuja usiku kama ukuta.

Tofauti kubwa na Mikumi ni upweke. Mtandao wa simu unakatika ukitoka mjini tu. Kodi simu ya satelaiti au kifaa cha kurusha ishara ya dharura. Mwachie mtu wa hotelini karatasi yenye njia yako na saa ya kurudi. Maji ya kunywa weka lita 10 kwa kila mtu kwa siku garini, na ukitembea kwenye joto hesabu lita 1 kwa saa. N'Dhala hakuna bomba. Gari likiharibika, kaa nalo. Waliokufa jangwani mara nyingi waliliacha gari wakafuata barabara, na gari likapatikana kabla yao. Gari lina kivuli, lina maji, na kwa rubani ni rahisi kulionea kutoka juu kuliko kichwa cha mtu.

Nunua pasi ya hifadhi za Northern Territory, jimbo lenye Alice Springs na Uluru, kwenye mtandao ukiwa bado mjini. Ukitaka kupita kwenye ardhi ya wenyeji nje ya hifadhi, kibali huombwa Central Land Council, baraza la ardhi la wenyeji, nacho si cha siku hiyohiyo.

Nimezaliwa Kigamboni na bahari ndiyo shule yangu. Naweza kuogelea kwenye hayo madimbwi? Na mamba? (Muogeleaji, Kigamboni)

Mamba hakuna. Wako kaskazini, upande wa Darwin na Kakadu, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Cha kukuogopesha ni baridi.

Mito ya kule hukauka juu sehemu kubwa ya mwaka, lakini inapokata safu ya milima kwenye mwanya mwembamba, mafuriko hujibana na kuchimba shimo refu chini ya kuta za kwazaiti, jiwe gumu kupindukia. Kuta hizo hulitia kivuli siku nzima. Alice Springs hupata mvua ya milimita 280 hivi kwa mwaka, na jua lina uwezo wa kukausha mara kumi ya hayo. Bila kile kivuli na kina, dimbwi lisingefika mwezi wa pili. Dimbwi la Ormiston linakadiriwa kufika mita 14. Maji yaliyokaa kivulini kwa kina hicho hubaki ya baridi hata siku ya nyuzi 38, juu yakiwa vuguvugu kwa kiasi cha mkono, na chini ya hapo barafu.

Mtu aliyezoea bahari yetu akiruka humo, kifua kinajibana na anavuta pumzi bila kutaka. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, anavuta maji. Akinusurika dakika ya kwanza, baada ya kama dakika 10 mikono inaanza kukataa amri, hata kwa bingwa. Ingia kwa kutembea kutoka upande wa mchanga, jimwagie kifuani na shingoni, subiri pumzi itulie, ndipo uogelee, sambamba na ukingo na si kukata katikati. Beba kitu cha kuelea. Usipige mbizi kutoka mwambani, maana magogo na mawe huhamishwa na kila mafuriko, na dimbwi la mwaka jana silo la mwaka huu.

Ellery Creek na Ormiston panaruhusiwa kuogelea. Simpsons Gap hapana. Uluru, Mutitjulu na Kantju, usitie hata mguu: kwa watu wa Anangu, Mutitjulu ni makao ya Wanampi, nyoka wa maji, na wanyama wa eneo lile wanategemea hayo maji machache. Unapoingia panaporuhusiwa, usiwe na mafuta ya jua wala losheni mwilini. Dimbwi lisilotiririka haliwezi kujisafisha hadi mvua ijayo, na ndani yake mna samaki.

Juu ya nyoka wa nchi kavu: wapo, na wana sumu kali. Akiuma, usioshe jeraha, usichanje, usinyonye. Funga bandeji pana ya kunyumbulika kuanzia kidole hadi juu ya mguu au mkono wote, kwa nguvu kama ya kufunga kifundo kilichoteguka, weka ubao, mgonjwa asitembee hata hatua moja, na piga 000.

Kwa mshahara wa mwalimu, Australia tutaisoma kwenye gazeti. Je, kwetu hakuna cha kuwaonyesha wanafunzi? (Mwalimu, Temeke)

Kipo, mwalimu, na ni urithi wa dunia tangu 2006: michoro ya miambani ya Kondoa. Panda treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi la barabara ya Babati. Kondoa ni kama kilomita 160 kutoka Dodoma. Kolo, ambako ndiko pa kuanzia, iko mbele ya hapo kwa kilomita 25 hivi, kandokando ya lami. Hapo kuna ofisi ya kituo: mnalipa, mnasaini, mnapewa kiongozi. Bila kiongozi msipande.

Michoro iko juu ya kilima, na kutoka ofisini mtahitaji gari kabla ya kupanda kwa miguu. Wanafunzi wavae viatu vya kufunga, si kandambili. Mtaona watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, swala, kwa rangi nyekundu. Hiyo ni kazi ya wawindaji wa kale. Ile minene ya rangi nyeupe inahusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Mary Leakey na mumewe Louis waliinakili sehemu kubwa mwaka 1951, na vipo vipande walivyoviona wazi ambavyo leo vimefifia.

Uharibifu wa Kondoa una sura yake. Watu wamechimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemwa ilifichwa na Wajerumani, na vumbi la mashimo hayo hupanda ukutani. Wengine wameandika majina. Kwa hiyo kabla ya safari wape wanafunzi kazi darasani ya kuchora nakala kutoka kwenye picha. Wakifika, mikono yao iwe na penseli na daftari, na wakae mita 2 kutoka ukutani. Kundi la watoto 15 kwa zamu moja linatosha. Wengine wasubiri chini, kwani miguu ya watoto 40 inatimua vumbi jingi kuliko upepo.

Wakikuta mabaki ya kuku au harufu ya pombe ya kienyeji, waambieni wanyamaze na wasiguse. Warangi wangali wanafanya matambiko pale Mungumi wa Kolo, na siku yenye tambiko kiongozi anaweza kuwapeleka kwenye mwamba mwingine. Kubalini. Nendeni Juni hadi Oktoba, mvua ikiwa imekwisha.

Nataka kumpelekea mwanangu aliye Alice Springs dagaa, ubuyu na kinyago. Nitazuiwa? (Mama, Ilala)

Utazuiwa ukificha, mama. Ndani ya ndege utapewa kadi ya kujaza: kila chakula, mbegu, mti na ngozi weka alama ya ndiyo. Kutangaza hakuna faini hata kitu kikichukuliwa. Kutotangaza kuna faini kubwa, na viza inaweza kufutwa papo hapo. Dagaa waonyeshe. Ubuyu una mbegu ndani, hivyo tegemea kuulizwa, na huenda ukabaki uwanjani. Kinyago kisiwe na magamba ya mti wala vitundu vya wadudu. Ngoma ya ngozi usibebe. Viatu vyako vioshe soli kabla ya kufunga sanduku, kwa sababu watavigeuza kutafuta udongo. Korosho zilizokaangwa na kufungwa kiwandani ndizo zina nafasi nzuri ya kufika.